Anayechapisha na Anayechapa: Kuchunguza Hitilafu za Printa ya Mtandao katika Linux

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kuchapa na kuchapisha si tendo moja. Kitenzi cha pili kimo katika kauli ya kutendesha: anayechapisha humfanya mwingine achape. Makala haya yanaonyesha jinsi tofauti hiyo inavyomfaa mtumiaji wa Linux ambaye printa yake ya mtandao haitoi karatasi.

Watendaji watatu

Tumfikirie mwalimu wa Kivaa, Machakos, anayetaka nakala za mtihani. Anafungua hati kwa programu ya Evince, anabonyeza kitufe cha kuchapisha, na dirisha linafungwa kimya. Evince haijachapa chochote. Imekabidhi kazi kwa CUPS, mfumo wa uchapaji uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1999. Nao CUPS huiweka kazi katika foleni kabla ya kuipelekea printa. Mwalimu akibonyeza tena na tena hurefusha foleni tu, na hitilafu ikiondoka, karatasi za shule zitateketea.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, amri ya lpstat -o huorodhesha kazi zinazosubiri. Kazi ikiwamo, Evince imetimiza wajibu wake. Nakala za ziada zifutwe kwa amri ya cancel ikifuatwa na namba ya kazi.

Pili, lpstat -v huonyesha anwani ambayo CUPS inaitumia. Ilinganishwe na anwani ya printa yenyewe, kwani huenda printa ilipewa mpya baada ya umeme kukatika.

Tatu, lpstat -p hueleza kama foleni imesimamishwa. CUPS inaweza kuisimamisha ikishindwa kuifikia printa, na foleni ikabaki hivyo hata printa inapowashwa. Msimamizi wa kompyuta huifungua kwa cupsenable na jina la printa.

Nne, foleni ikiwa tupu na karatasi haikutoka, hati itumwe kwa amri ya lp bila Evince. Ikitoka, mipangilio ya Evince ikaguliwe. Pengine imechaguliwa kuhifadhi katika faili badala ya printa.

Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice. Wanaoendeleza kazi ya namna hiyo wana wajibu wa kuchagua vitenzi kwa uangalifu. Kompyuta ikisema "imechapishwa" ilhali kazi ingali foleni, mwalimu atatafuta kosa pasipo kosa. Iseme "imepokewa", na neno "imechapwa" lingoje karatasi itoke.