Sarafu Iliyopigwa Mara Mbili: Somo la Neno Moja

Mwaka 241 KK Karthago ilishindwa vita na Roma, ikakosa kuwalipa vizuri askari wake wa kukodiwa. Askari waliasi, na Walibya wengi wakaungana nao. Waasi walichukua sarafu za Karthago, zikiwemo za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, wakazipiga upya kwa muhuri wao na neno la Kigiriki ΛΙΒΥΩΝ. Umbo hilo ni la umilikaji katika wingi: «ya Walibya». Nomino «sarafu» imeachwa, kama tunavyosema «ya kwetu». Pale ambapo muhuri wa kwanza haukufutika kabisa, tunajua upi ulitangulia. Basi tusome tabaka zote mbili: madini ni ya Karthago, jina ni la waasi.