Baridi Inakuja: Tayarisha Nyumba, Jiko Libaki Nje ya Chumba

Wakazi wa Kinangop, Kipipiri na Ol Joro Orok hawahitaji kuelezwa baridi ni nini. Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki huleta hewa baridi yenye unyevu, mawingu hufunika jua hata mchana, na Julai ndiyo huwa kali zaidi. Kinachohitaji kuelezwa kila mwaka ni hatari ya jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala.

Wengi wetu tumelelewa tukiona jiko likiwashwa nje, likipepewa mpaka moshi uishe, kisha likiingizwa chumbani makaa yakiwa mekundu. Tunaamini kwamba moshi ukiisha, hatari pia imeisha. Sivyo. Makaa yasiyo na moshi bado hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa safi huku mtu akiendelea kupumua. Aliyelala anaweza kufa bila hata kushtuka. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea, na kufunika makaa kwa majivu hakuzuii gesi.

Njia iliyobaki ni kuifanya nyumba itunze joto, na kazi hiyo ifanywe sasa, kabla ya Juni.

Anza na paa. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na mabati. Joto hupanda juu, na mabati hayalizuii. Ndiyo maana alfajiri matone hudondoka kitandani hata kama mvua haikunyesha. Dari husaidia kuliko kitu kingine chochote. Asiyeweza kuiweka nyumba nzima aanze na chumba wanacholala watoto au wazee.

Kwenye kuta, ziba nyufa za usawa wa kitanda na zile za chini ya mlango. Mtindo wa nyanya zetu wa kubandika magazeti kwa uji wa unga bado unafaa, tena ni bei nafuu. Karatasi zikae mbali na taa ya mafuta na mishumaa. Matundu ya juu karibu na paa yaachwe wazi, maana watu waliolala wanahitaji hewa. Jikoni usizibe kitu: moshi lazima upate njia ya kutoka.

Kitandani, watu hurundika blanketi juu na kusahau kwamba baridi hutoka chini pia. Tandika blanketi moja nzito au kadibodi chini ya godoro. Maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, iliyozungushiwa kitambaa, hupasha kitanda kabla ya kulala. Mtoto mchanga asiwekewe chupa hiyo. Avalishwe kofia na soksi na akae karibu na mama.

Kuni zianikwe na kuhifadhiwa mahali pasiponyeshewa. Kuni mbichi huongeza moshi, na moshi huumiza mapafu ya watoto. Wafugaji wanaopasha vifaranga kwa jiko wasilale kwenye banda hilo, na banda liwe na matundu ya hewa.

Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke.

Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakihisi kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja penye jiko, shuku gesi. Fungua milango, watoe wote nje, kisha piga simu 999 au 112. Ukimkuta mtu amezimia, vuta pumzi ukiwa nje kwanza, ingia umtoe haraka, na jiko liachwe la mwisho. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali usiku huo huo.