Karakana ya baiskeli Kindu: waanzie wapi?

Swali: Vijana wa mtaa wetu Kindu wanataka kufungua karakana ya pamoja ya kutengeneza baiskeli na kutumia tena vipuri vya zile zilizokufa. Waanze na nini?

Jibu: Waanze kwa kupima ringi. Baiskeli kubwa za mizigo, zile za breki za fito, huvaa tairi la inchi 28 linalokaa kwenye ringi ya milimita 635. Baiskeli nyingi za milimani zinazokuja kama mitumba huvaa tairi la inchi 26 linalokaa kwenye ringi ya milimita 559. Tairi la moja halikai kwenye nyingine hata kwa nguvu, na kikundi kinachopokea mitumba bila kupima huishia kulinda lundo la vyuma.

Wateja hawatakosekana Kindu, mji wa Kongo ulio kando ya mto Lualaba. Kinachohitajika ni ujuzi. Mfano upo: huko Jinja, Uganda, shirika la FABIO limeijenga kazi yake juu ya baiskeli, zikiwemo za kubebea wagonjwa.

Baiskeli iliyokufa ivuliwe yote: spoki, gololi, pedali, mnyororo. Visafishwe kwa mafuta ya taa na kupangwa kwa vipimo. Mpira wa ndani uliochoka hukatwa viraka na kamba za kufungia mizigo. (Mwanagenzi akumbuke: pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Wengi wameharibu nyuzi hapo.)

Mashine za umeme zisubiri. Spana, koleo, pampu na daftari la hesabu vinatosha kwa kuanzia. Daftari likae kwa mtu asiyeshika fedha.