Mhamishaji asiyesajiliwa

Swali: Nahama Minnesota kwenda Ohio. Kampuni ya kubeba vyombo imenipa bei ya chini mno, ila haina usajili. Ikikamatwa inapewa adhabu gani?

Jibu: Nchini Marekani, anayevusha vyombo vya nyumbani kutoka jimbo hadi jimbo lazima asajiliwe na FMCSA, wakala wa shirikisho wa usalama wa magari ya biashara, na awe na namba ya USDOT, yaani ya Wizara ya Uchukuzi. Asipofanya hivyo, sheria ya shirikisho inaweka faini isiyopungua dola 25,000 kwa kila kosa. Akizuia vyombo vyako ili umwongezee pesa, faini huanzia dola 10,000, kila siku yaweza kuhesabiwa kosa jipya, na kifungo hufika miaka 2. Tatizo ni kwamba faini hizo huenda serikalini; kochi lako halirudi. Tafuta namba ya kampuni kwenye tovuti ya FMCSA kabla hujasaini.