Pampu za visima: pima maji kabla ya kuuliza bei

Kila wanapoagiza mzigo, wenye maduka ya vifaa vya maji Kasulu na Kibondo hukutana na swali lilelile: mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, au ya bei ya juu? Jibu haliko kwenye orodha ya bei. Liko kisimani.

Nyanda hizo za juu za Kigoma hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka. Maji yakipenya udongoni huchukua hewa ukaa, na pale ambapo mwamba hauna chokaa ya kutosha hubaki na asidi. Kipimo chake ni pH, ambapo 7 ni katikati. Ikishuka chini ya 6.5, zinki huliwa haraka na chuma huanza kuoza. Dalili ni maji mekundu asubuhi. Mwisho wake bomba hutoboka, au hukatika kwenye maungio na kutumbukia kisimani.

Uganda imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya nchi hiyo ilisimamisha matumizi ya mabomba ya zinki katika pampu za mkono. Agizo la namna hiyo humuumiza mwenye stoo iliyojaa bidhaa moja.

Plastiki ngumu ya PVC haishiki kutu, na ndiyo hutumika katika pampu ya Afridev, inayofaa visima vya hadi mita 45 hivi. Chuma cha pua daraja la 304 hutosha kwa maji mengi. La 316, lenye molibdeni, hufaa zaidi penye chumvi. Sumaku peke yake isiaminiwe: madaraja ya 200, yaliyo rahisi, nayo huweza kutonasa, lakini hayahimili kutu sawasawa. Mnunuzi adai cheti cha kiwanda.

Hesabu ya mfano: kisima cha mita 30 huhitaji mabomba 10 ya mita 3. Tuseme seti ya zinki ni sh. 600,000 na hudumu miaka 2. Ya chuma cha pua ni sh. 1,800,000 na hudumu miaka 10. Katika miaka hiyo 10, zinki itanunuliwa mara 5, yaani sh. 3,000,000, bila ujira wa fundi.

Maji yasiyo na asidi wala chumvi hayahitaji gharama hiyo. Hivyo muuzaji makini humwuliza mteja pH ya kisima kwanza, ndipo hutaja bei. Rahisi huwa ghali.