DARSA YA IJUMAA: ZAWADI YA MWENYE MADARAKA ITAJWE HADHARANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu Waislamu wa Aveba, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Darsa ya leo ni juu ya zawadi anayopewa mtu kwa sababu ya kiti alichokalia.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Humayd as-Saidi (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, akusanye zaka za Banu Sulaym. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba na mama yake, aone kama zawadi zingemfuata huko. Akaonya kwamba atakayechukua hivyo atakuja Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, awe ngamia, ng'ombe au mbuzi.

Tushike mambo mawili. Kwanza, swali lile ndilo kipimo: bila kazi hii, ningeletewa? Pili, jambo lilisemwa mimbarini mbele ya watu wote, halikumalizwa chumbani.

Wala kipimo hiki si cha mkubwa peke yake. Imesimuliwa kwamba mke wa Sayyidna Umar (r.a.), Ummu Kulthum, aliletewa vito na mke wa mfalme wa Warumi. Umar akaviingiza katika hazina ya Waislamu. Basi na mke, na katibu, na dereva wa mkubwa wamo.

Sasa tuje kwetu Kongo. Mwezi wa 6 mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Rais anawapa wabunge wa taifa 500 jipu za Hyundai Palisade. Raia wakauliza: ni zawadi au chombo cha kazi? Pesa imetoka wapi? Sisi wa Ituri tulikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6/5/2021, na Bunge hilohilo lilikuwa likipiga kura kuurefusha kila siku 15. Sisemi jipu ilinunua kura ya mtu. Sina ushahidi, na dhana mbaya ni dhambi. Nasema zawadi isiyoelezwa hutia shaka hata kwenye kura ya haki.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 99, inamtaka Rais na mawaziri waandike mali zao mbele ya Mahakama ya Katiba wanapoingia na wanapotoka. Kifungu hicho hakiwataji wabunge. Huko Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 76, inasema zawadi anayopewa kiongozi katika shughuli ya umma ni mali ya Jamhuri. Na Marekani, safari ambazo wabunge na wafanyakazi wao wanalipiwa na watu wa nje huandikwa na kuwekwa kwenye intaneti, kila mwenye simu asome. Jambo hilo si la kigeni kwetu. Ni njia ya mimbari ile.

Ndugu zangu, nisiwanyooshee wengine kidole. Mwaka fulani niliitwa kuamua mpaka wa mashamba mawili. Siku chache kabla, mmoja wao aliniletea mbuzi. Nikasema ni sadaka, nikala na watoto, nikanyamaza. Niliamua nilivyoona haki, naye akashinda. Yule mwingine alipopata habari ya mbuzi, alikataa uamuzi wote. Mnajua katika Ituri yetu mpaka wa shamba umemwaga damu kiasi gani. Nilimlipa mwenye mbuzi, nikatubu, nikaomba wazee wengine waamue upya. Laiti ningesema mapema: nimeletewa mbuzi, mrudishieni.

Basi tufanye hivi. Mbunge akija kwetu, tumwulize kwa adabu amepokea nini na kwa nani. Tusimpelekee katibu wake kuku ili barua yetu ipite mbele ya barua ya mjane. Na sisi wa msikiti, wa komite ya shule na wa baraza, kila tulicholetewa kiandikwe kwenye daftari na kisomwe mbele ya watu.

Ee Mola, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.