Neno Tumbaku Limetoka Wapi?

Wazee wetu huku Arusha na Meru wakikutana hupeana ugoro. Kijana akikataa, wengine humwambia ameacha mambo ya mababu. Lakini mababu wa mababu hawakuujua! Mmea huu ni wa Amerika. Wataalamu wengi husema neno lilitoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Wahispania walifika huko mwaka 1492, wakaliandika tabaco. Wareno wakaeneza mbegu na jina mpaka Afrika na Bara Hindi. Wahindi husema tambaku, sisi tumbaku, Wakikuyu mbaki. Na nikotini iliyomo ndiyo humfunga mtu, siyo mila. Wamaasai na Waarusha husema olkumpau. Haya, tamkeni pamoja: tumbaku, olkumpau. Mnasikia?